Kikoba Chetu na Vijana Walioomba Kuona Leja

Naandika haya kwa ajili ya akina mama na akina baba wa umri wangu walio ndani ya vikoba, vyama vya kuzikana na vikundi vya kanisani na msikitini, na hasa wale ambao vikundi vyao vimeanza kupokea wanachama wa umri wa watoto wao. Nilifundisha shule za msingi mkoani Morogoro mpaka nikastaafu, na kikoba tulichokianzisha nikiwa bado kazini ndicho ninachoendelea nacho hadi leo. Kikoba hicho kilianguka, kikainuka tena, na waliokiinua ni wanachama waliozaliwa takriban kati ya mwaka 1981 na 1996, ambao siku hizi huitwa kizazi cha milenia.

Yanasemwa mengi juu yao: kwamba hawana subira, kwamba maisha yao yote yamo ndani ya simu, kwamba wameacha kuwaheshimu wakubwa. Mimi niliwafundisha wakiwa watoto na nimeketi nao kikaoni wakiwa watu wazima, na ninachokijua ni kwamba wameiletea jamii yetu jambo ambalo sisi tuliliogopa: kuuliza hesabu mbele ya watu wote bila kumvunjia mtu heshima, na kisha kumsaidia aliyeonekana na deni badala ya kumtupa. Nitaeleza tulivyopita, pamoja na gharama zake, ili kikundi kingine kisisubiri kuanguka ndipo kijifunze.

Tabia yao hiyo haikuzuka tu. Wa kwanza wao walizaliwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sukari na sabuni vilipatikana kwa foleni, na wengine wakazaliwa baada ya Mzee Ali Hassan Mwinyi kuingia madarakani Novemba 1985 na milango ya biashara kuanza kufunguliwa. Walipofika darasani kwangu katika miaka ya tisini, shule zilitoza ada, na mtoto ambaye mzazi wake hakuwa nayo alirudishwa nyumbani mbele ya wenzake. Mwaka 2001 Serikali ilifuta ada ya shule za msingi, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka uliofuata, madarasa yalifurika, watoto wakaketi sakafuni na daftari juu ya magoti. Kisha zikaja sekondari za kata kuanzia mwaka 2004, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi mwaka 2005, hata katika mtaa wetu likawa jambo la kawaida kwa mtoto wa muuza mboga kufika chuo kikuu. Watoto hawa walikua wakijua kwamba kila nafasi waliyoipata ilikuwa na karatasi yake, orodha yake na tarehe yake ya mwisho, na kwamba asiyesoma tangazo kwa makini huachwa nje. Nilipowaona ukubwani wakisoma katiba ya kikundi neno kwa neno, sikuhitaji kuuliza walikojifunzia.

Kwa msomaji asiyekijua kikoba, mfumo wenyewe ni huu. Njia hii ya kuweka na kukopeshana inatokana na vikundi vya wanawake wa Niger, ambako shirika la CARE liliieneza kuanzia mwaka 1991, na kwetu Tanzania ikaenea kwa jina la VICOBA. Wanachama hukutana kila wiki, kila mmoja hununua hisa kuanzia moja hadi tano, na fedha hizo hukopeshwa kwa wanachama wenyewe kwa riba ndogo na kwa kudhaminiana. Pembeni kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Mwisho wa mzunguko, ambao kwa vikundi vingi ni mwaka, kikoba huvunjwa na kila mtu hupata hisa zake pamoja na faida. Fedha hukaa kwenye sanduku lenye makufuli matatu na funguo hushikwa na watu watatu tofauti, kwa hiyo sanduku halifunguliwi mpaka wote watatu wawepo.

Kwetu hisa moja ilikuwa shilingi 5,000. Wengi wetu tulikuwa walimu, wauza mboga wa soko la Chifu Kingalu, mafundi cherehani na wapishi wa mama lishe, na kwa miaka mingi kila Desemba tuliondoka na fedha za ada, mabati na mbegu. Hapa ndipo uzembe ulipoingia, kwa mlango wa kuaminiana. Mwenye ufunguo mmoja alihamia Kilosa akauacha ufunguo wake kwa mweka hazina. Mwingine alipouguliwa na mumewe naye akafanya vivyo hivyo, funguo zote zikawa mkononi mwa mtu mmoja, na hakuna aliyeona ubaya, kwa kuwa mweka hazina wetu alikuwa mtu mwema aliyemzika kila mtu na kumuuguza kila mtu. Leja, yaani daftari la hesabu za wote, ilikuwa moja na iliandikwa na mkono mmoja. Vitabu vya hisa vya wanachama viliachwa kwake ili visipotee, na tangu hapo hakuna mwanachama aliyekuwa na njia ya kulinganisha alichotoa na kilichoandikwa.

Desemba 2018 ilipofika siku ya kuvunja kikoba, tuliambiwa mgao utachelewa kwa sababu wakopaji wakubwa hawajarejesha. Tukakubali. Januari tukaambiwa hivyohivyo. Minong'ono ilianza njiani, sokoni na visimani, lakini kikaoni kila mtu alinyamaza, kwa kuwa kumuuliza mtu mzima fedha mbele ya watu kwetu sisi kulikuwa sawa na kumwita mwizi.

Aliyevunja ukimya alikuwa binti niliyemfundisha darasa la nne, ambaye sasa ni mhasibu katika kampuni ya kuuza pembejeo na alijiunga na kikoba kwa kurithi nafasi ya mama yake marehemu. Hakuanza kikaoni. Alikuja nyumbani jioni, akanisalimu, akakaa, na baada ya kuulizana habari za nyumbani akasema, "Mwalimu, naomba nikuulize jambo na naomba usinielewe vibaya. Mimi simshuku mtu. Ila ningependa kikao kijacho kila mwanachama aje na kitabu chake cha hisa, na leja isomwe kwa sauti, jina kwa jina, kuanzia mimi mwenyewe." Nilimwambia kwamba itaonekana tunamtuhumu mama yetu. Akanijibu kwa upole kwamba leja isiposomwa ndipo tutakapokuwa tunamtuhumu, kwa sababu kila nyumba tayari inamtaja na yeye hana mahali pa kujibu.

Jibu hilo ndilo lililonigeuza, na ningependa kila kiongozi wa kikundi alitafakari. Sisi tulidhani kunyamaza ni kumsitiri mtu, kumbe tulikuwa tumemwacha peke yake na maneno ya watu. Yule binti na wenzake wawili, kijana mmoja anayeuza katika duka la dawa na mwingine fundi wa kushona, walikwenda pia kwa mweka hazina mwenyewe siku chache kabla ya kikao, wakampa shikamoo yake, wakamweleza kitakachofanyika na kwa utaratibu upi. Hakushtukizwa. Kama kikundi chako kina shaka juu ya fedha, fanyeni hivyo: mwenye daftari ajulishwe mapema, na utaratibu wa kukagua uhusishe wote, viongozi wakitangulia.

Leja iliposomwa ikilinganishwa na vitabu, pengo lilikuwa zaidi ya shilingi milioni nne. Mweka hazina alilia, kisha akaeleza. Mumewe alilazwa kwa muda mrefu, hawakuwa na bima, na siku moja usiku alifungua sanduku akachukua fedha za dawa akiwa na nia ya kuzirudisha baada ya mavuno. Mavuno hayakutosha. Akaenda kukopa kwa wale wakopeshaji wa mtaani ambao watu huwaita kausha damu, ambao hukupa laki moja leo ukairejesha na nyongeza kubwa kabla ya mwezi kwisha, ili walau sanduku lionekane na kitu. Tangu hapo alikuwa akichukua sandukuni kulipa kausha damu, na akichukua kausha damu kujaza sanduku.

Wengi wetu wa rika langu tulisimama na neno moja: twende nyumbani kwake tubebe makochi, friji na mabati. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa vikoba vingi, na sote tulishawahi kuona vyombo vya mtu vikitolewa nje watoto wake wakitazama. Vijana walikataa. Yule muuza dawa alisema maneno ambayo nimeyakumbuka hadi leo, kwamba tukimnyang'anya kitanda hatutapata hata robo ya fedha zetu, ila tutawafanya watoto wake yatima mara ya pili, kwa maana mume alikuwa amekwisha kufariki. Waliomba deni liandikwe kwa mkataba mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, lilipwe kidogokidogo kila mwezi, na hisa zake mwenyewe zihesabiwe kama malipo ya kwanza. Mjadala ulikuwa mkali na haukwisha siku ile. Baadhi ya wanachama waliondoka kikobani kwa hasira na hawajarudi mpaka leo. Hiyo ni gharama ambayo siwezi kuificha, kwa kuwa miongoni mwao walikuwa rafiki zangu wa miaka mingi.

Kuna jambo jingine walilolifanya ambalo halikuandikwa katika muhtasari wowote. Mweka hazina alikuwa hali wala halali, na majirani walianza kuhofia uhai wake. Sisi tulijua kumwombea. Wao walimwombea, kisha yule fundi akampeleka hospitali kuonana na mtaalamu wa afya ya akili, akamsubiri, akarudi naye. Alituambia waziwazi kwamba yeye mwenyewe alipitia msongo mzito wa mawazo alipofukuzwa kazi, na akatibiwa akapona. Sijawahi kumsikia mwanamume wa rika langu akisema hivyo mbele ya watu. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba kizazi hiki, kwa kuyataja maradhi ya moyo na akili kwa majina yake bila aibu, kimeokoa watu wengi ambao sisi tungewazika tukisema wamerogwa.

Mwaka ule wa 2019 nilikuwa nikifuatilia redioni shauri la Rebeca Gyumi, na niliona mwenendo uleule. Mwanasheria huyo, aliyezaliwa mwaka 1986 na kuanzisha shirika la Msichana Initiative, alifungua shauri Mahakama Kuu mwaka 2016 kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Mahakama Kuu ilikubaliana naye Julai 2016, Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu ile. Mwalimu wa shule ya msingi anajua vizuri maana ya vifungu hivyo, kwa sababu ndiye anayeita majina asubuhi na kukuta binti aliyeongoza darasa hayupo, na anayeambiwa na wenzake kwa sauti ya chini kwamba ameshatolewa mahari. Tuliyaona hayo kwa miaka mingi tukasikitika. Gyumi aliichukua sheria yenyewe, akaisoma, akaiuliza mahali panapostahili kuulizwa, tena kwa lugha ya adabu na hoja. Tofauti kati ya mahakama na kikao chetu cha chini ya mwembe ni kubwa, lakini moyo uliofanya kazi pande zote mbili naona ni mmoja.

Baada ya mkataba wa deni tulianza upya, na hapa nitaeleza hatua kwa hatua kwa sababu ndipo vikundi vingi hukwama. Vijana walisisitiza kwamba karatasi zitangulie, simu zifuate. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi kama chetu katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe, na kanuni zake zikatoka mwaka 2019. Tulitakiwa kuwa na katiba, muhtasari wa kikao kilichoridhia usajili, orodha ya wanachama yenye sahihi, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, kisha kwenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Katiba yetu ya zamani ilinakiliwa kutoka kikundi kingine, na ilitaja hata shughuli ambazo hatukuwahi kuzifanya. Tuliiandika upya kwa Kiswahili ambacho kila mwanachama anakielewa, tukaisoma kikaoni kifungu kwa kifungu, na jambo hilo peke yake lilichukua muda mrefu kuliko usajili wenyewe. Msifanye haraka katika hatua hii. Kifungu kinachosema nani atashika ufunguo akisafiri mwenye nao ndicho ambacho kingetuokoa.

Majina yalitusumbua sana. Wanachama wazee walikuwa na jina moja kwenye kadi ya kliniki, jingine kwenye kadi ya mpiga kura, na jingine kwenye kitambulisho cha taifa, na wengine vidole vyao vilikuwa vimechakaa kwa jembe hata alama hazikusomeka vizuri. Wakati huohuo laini zote za simu zilitakiwa kusajiliwa upya kwa alama za vidole, na Januari 2020 zile ambazo hazijasajiliwa zilianza kuzimwa. Vijana wetu waligawana wazee, kila mmoja na wake, wakawasindikiza kwenye foleni tangu alfajiri wakiwa na chai kwenye chupa. Tuligundua pia kwamba akina mama kadhaa walikuwa wakitumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya wajukuu au wapangaji wao. Kabla kikundi hakijaweka hata senti moja kwenye simu, hakikisheni kila mwanachama ana laini iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Vinginevyo siku mjukuu atakapohama au watakapokosana, fedha za bibi zitakuwa mkononi mwa mtu mwingine kisheria.

Kisha tukahamia M-Koba, huduma ya vikundi iliyoanzishwa mwaka 2019 na Vodacom pamoja na benki iliyokuwa ikiitwa TPB. Kilichotuvutia hakikuwa usasa wake. Fedha hazitoki mpaka viongozi zaidi ya mmoja wathibitishe kwa namba zao za siri, na mwanachama hupata ujumbe wa kinachoingia na kinachotoka. Yale makufuli matatu yalirudi, safari hii yakiwa ndani ya simu, na ufunguo hauwezi kuachwa kwa jirani. Nilimwona bibi mmoja muuza mchicha, mwenye simu ya kitochi, akiusoma ujumbe wa hisa zake mara mbili kisha akaniuliza kama kweli kiasi kile ni chake. Hakuwahi kukijua kwa miaka yote aliyokaa nasi.

Hata hivyo simu nayo ina hatari zake. Miezi ya mwanzo wazee wengi waliwatajia wajukuu namba zao za siri ili wasaidiwe kutuma, na mwanachama mmoja alipoteza fedha za mtaji kwa kujibu ujumbe wa matapeli, ule unaosema ile hela itume kwenye namba hii, akidhani umetoka kwa mwanawe. Vijana walianzisha zoezi la robo saa mwishoni mwa kila kikao: kila mtu anajifunza mwenyewe kutazama salio, kutuma na kubadilisha namba ya siri, na hakuna anayeruhusiwa kushika simu ya mwenzake. Zoezi hilo lilikuwa la polepole na lenye kurudiarudia, na hapo ndipo nilipoona kwamba hawa wanaoambiwa hawana subira wanayo, ila wanaitumia mahali ambapo ina matunda.

Julai 2021 Serikali ilipoanzisha tozo kwenye miamala ya simu, kikundi kilitikisika. Wapo waliotaka turudi kwenye sanduku mara moja, na sikuwalaumu, kwa sababu kwa mtu anayeweka shilingi 5,000 kila makato yanaonekana. Yule binti mhasibu aliandika ubaoni gharama za mwezi mzima kwa njia zote mbili, akaweka na zile milioni nne zilizopotea, akatuachia tuamue. Tuliamua kubaki, ila tukapunguza idadi ya miamala: michango ikakusanywa kikaoni mbele ya wote, ikahesabiwa, ikawekwa kwa pamoja. Tozo zile zilipunguzwa Septemba mwaka uleule na zikaendelea kupunguzwa baadaye. Somo nililolipata ni kwamba mabadiliko kama haya yajadiliwe kwa namba zilizoandikwa, maana hofu isiyo na namba huwa haina mwisho.

Mfuko wa jamii nao ulibadilika. Zamani ulisubiri mtu afe ndipo utoe sanda na mchele. Vijana waliuliza kwa nini tusitoe mapema, wakatuonyesha kwamba Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulikuwa ukichangiwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, na kwamba fedha tulizotumia katika misiba michache zingetosha kuziingiza kaya nyingi za wanachama. Tulipitisha kwamba kila anayeanza mzunguko mpya akatiwe kadi hiyo kwanza kutoka katika faida ya kikundi. Kadi haikutibu kila kitu, na rufaa za mbali bado zilitugharimu. Lakini nikimkumbuka mweka hazina wetu akifungua sanduku usiku kwa ajili ya dawa za mumewe, naona kwamba uamuzi huu ungefanyika miaka kumi mapema yasingetokea yaliyotokea.

Kuhusu mikopo ya halmashauri, nitasema kwa ufupi. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia kumi ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Tulikuwa tumekamilisha andiko la mradi wa kusindika viungo wakati Serikali iliposimamisha mikopo hiyo Aprili 2023. Tulivunjika moyo, kwa kuwa kuandaa andiko kulikula fedha za nauli na uchapaji. Lakini kazi haikupotea, kwa sababu vitabu vyetu vilikuwa safi na tukaweza kuanza mradi mdogo kwa fedha zetu wenyewe. Kikundi kinachoandaa andiko kisikope kwanza kwa kutegemea fedha hizo.

Si kila walichokileta vijana kilikuwa sawa tangu mwanzo. Walipofungua kundi la WhatsApp walianza kupitisha maamuzi humo, na wasio na simu janja, ambao wengi walikuwa wazee na maskini zaidi, wakawa wanakuta mambo yamekwisha. Walipoelezwa, walirekebisha bila kubishana: kundi likabaki la matangazo tu, na kura hupigwa kikaoni kwa kuonana uso kwa uso. Nataja hili kwa sababu wakubwa wengi hununa badala ya kusema, kisha huwashutumu vijana kwa dharau. Waambieni. Katika kikoba chetu kila walipoambiwa kwa uwazi uleule waliotufundisha, walisikia.

Sasa baadhi yao wanakaribia miaka arobaini na wengine wameivuka. Yule fundi amehamia Dodoma, na binti mhasibu ana watoto wadogo na mama mkwe mgonjwa, kwa hiyo mwaka jana aliomba apumzishwe uongozi. Kabla ya kuondoka alimkabidhi leja mwanachama wa miaka ishirini na mitatu, mbele ya kikao, akiisoma jina kwa jina kama ile siku ya kwanza. Mweka hazina wetu wa zamani bado ni mwanachama. Analipa deni lake kila mwezi, salio linasomwa pamoja na masalio ya wengine wote, na kwa mwendo wa sasa atalimaliza katika mzunguko ujao, ambao tunaufungua Januari.